Siku Mbili Nilizookoa

Nilifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 32, na kazi ile iliniachia tabia ambayo hata baada ya kustaafu sijaweza kuiacha. Nikikabiliwa na jambo lenye njia mbili, huchora mstari katikati ya karatasi, nikaandika gharama upande huu na faida upande ule, kisha nikajumlisha. Ndivyo nilivyonunua shamba, ndivyo nilivyosomesha watoto, na ndivyo nilivyopanga safari yetu ya milima ya Andes, mimi na mama watoto, mwezi Juni mwaka 2018. Hesabu ya shamba ilikuwa sahihi. Hii ya Andes nataka nikusimulie, ndugu msomaji, kwa sababu kosa lake halikuwa katika kujumlisha.

Binti yetu mkubwa ameolewa Lima, mji mkuu wa Peru, nasi tulikwenda kumwona mjukuu. Baada ya wiki mbili za kubembeleza mtoto, binti alisema itakuwa aibu tufike Peru na kurudi nyumbani bila kuiona milima. Tukapewa siku 12.

Lima iko pwani, kando ya Bahari ya Pasifiki. Cusco, mji mkuu wa zamani wa Wainka, uko kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa ndege, safari ni kama saa moja na nusu. Kwa basi, kwenda moja kwa moja huzidi saa 20. Binti alitushauri njia ya tatu: tupande basi hadi Arequipa, mji ulioko mita 2,300 hivi, tulale huko siku mbili mwili upate kuzoea, ndipo tuendelee juu. Mabasi ya kule yana viti vya namna mbalimbali. Vipo vinavyolala nusu, na vipo vinavyolazwa karibu kama kitanda, bei ikipanda kadiri kiti kinavyoinama.

Mama watoto, mzaliwa wa Tanga, aliunga mkono. "Mimi mtu wa pwani," alisema. "Nipandishe taratibu, baba."

Nikachora mstari wangu. Njia ya Arequipa ilikula siku mbili. Tena safari ya basi ilikuwa ya usiku, na wakati ule kwetu Tanzania mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kwa sababu ya ajali. Marufuku ile iliondolewa mwaka 2023. Hoja hiyo niliitumia sana, ingawa ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshaamua. Ndege ilishinda. Kwa malazi nilichagua nyumba ya wageni katika mtaa wa San Blas, kilimani, kwa kuwa chumba cha juu kilikuwa cha bei nafuu na kilitazama mapaa ya mji mzima. Karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuandika idadi ya ngazi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo leo naona haya kulisema. Mimi nimezaliwa Marangu. Nimekua nikiuona Kilimanjaro kila asubuhi, na nilijihesabu mwana wa mlima. Nilimtania mke wangu kwamba akishindwa kupumua nitambeba. Sikumwambia kwamba Marangu yetu haifiki hata mita 2,000, wala kwamba mimi mwenyewe sijawahi kupita nyumba za Mandara.

Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi wa wageni katika njia ile kwa miaka mingi. Yeye alijua. Alizoea kutueleza kwamba nyumba za kulala wapandaji hazikuwekwa ovyo: Mandara iko kiasi cha mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700, na mwenye busara huongeza usiku mmoja pale Horombo. Mgeni mwenye nguvu, alisema, ndiye anayerudishwa kwa machela, maana anadhani mlima unapandwa kwa miguu. Na neno lao wapagazi, analolijua kila mgeni kabla hajajua jina la nchi, ni polepole. Nimelisikia tangu utoto. Sasa fikiri: kutoka Lima kwenda Cusco kwa ndege ni sawa na mtu kuchukuliwa Tanga asubuhi na kuwekwa karibu na Horombo kabla ya chakula cha mchana. Mpagazi yeyote wa Marangu angenicheka.

Tulitua saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali na hewa baridi, na kwa saa chache nilijiona kijana. Nikabeba mizigo yote miwili kupanda vichochoro vya mawe vya San Blas, kisha ngazi za nyumba hadi chumbani. Jioni kichwa kilianza kugonga. Usiku nikatapika, na kila nilipoanza kusinzia nilishtuka kama mtu aliyezibwa pua. Hewa ya Cusco ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya Tanga, lakini imepungua mgandamizo, hata kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu ya ile uliyoizoea. Maradhi haya hayachagui mzee wala kijana, wala hayaulizi umezaliwa wapi. Mama watoto, mtu wa pwani, alikuwa na kichwa kizito kidogo tu.

Chumba hakikuwa na kipasha joto, na Juni ni kipupwe cha kule. Usiku baridi hukaribia kugandisha maji. Alinifunika mablanketi yote, pamoja na lake. Saa nane za usiku akashuka zile ngazi gizani kwenda kumgongea mwenye nyumba. Hakujua neno la Kihispania zaidi ya kushukuru. Nilimsikia akishuka, ngazi baada ya ngazi, na hapo ndipo nilipopatwa na woga wa kweli. Si woga wa kufa. Niliona kwamba nimemleta mke wangu nchi ya mbali, nimekamata peke yangu tiketi, fedha, anwani na maamuzi yote, na sasa mwenye kuyakamata amelala hajiwezi. Yeye alikuwa amesema tangu mwanzo. Nami sikuwa nimemjibu. Nilikuwa nimempigia hesabu.

Mwenye nyumba alipanda na mtungi wa oksijeni na birika la chai ya majani ya koka, ambayo kule ni kinywaji halali cha kila siku. Asubuhi akamleta daktari. Daktari alisikiliza mapafu, akasema maji hayajaingia, nipumzike, na nikipata nguvu za kukaa garini nishuke. Dawa ya kwanza ya mlima, alisema, ni kuuacha. Akatueleza pia kwamba wageni wengi wanaotua Cusco kwa ndege hawalali mjini; siku hiyohiyo hushuka bonde la mto Urubamba, hulala huko, na Cusco huirudia baadaye. Njia hiyo isingenigharimu hata senti moja zaidi.

Nililala siku mbili. Zilikuwa zilezile siku mbili nilizookoa.

Siku ya tatu mama watoto alichukua kalamu. Hakuchora mstari. Aliandika maswali, na tangu hapo hatukupanda gari wala kulipia kitanda kabla hayajajibiwa. La kwanza: tutalala mita ngapi? Kanuni aliyotupa daktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mchana waweza kupanda zaidi, mradi usiku ushuke. La pili: ngazi ngapi? La tatu: mablanketi mangapi? La nne: tukiugua usiku, nani yupo?

Tulishuka kwa gari dogo la abiria, mfano wa vipanya vya Dar es Salaam, hadi Ollantaytambo, kiasi cha mita 2,800. Kwa kila mita tuliyoshuka niliona kama mtu anayenilegezea kamba kifuani. Alitutafutia chumba cha chini katika nyumba ya familia, ndani ya vichochoro vya Wainka ambavyo kuta zake za mawe hadi leo ni misingi ya nyumba za watu, na maji yanapita katika mifereji kando ya njia. Tulilala usiku wa manane hadi jogoo. Kutoka pale tulipanda treni hadi chini ya Machu Picchu, maana upande ule hakuna barabara ya gari. Na Machu Picchu yenyewe, ambayo watu huiwaza kama kilele cha safari, iko mita 2,400 na kitu tu, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima.

Tuliporudi Cusco nilipanda polepole, sikuumwa tena. Kwenda Puno mama watoto alichagua basi la mchana, ingawa la usiku lingetuokolea gharama ya chumba. "Nataka dereva aone barabara," alisema, "na mimi nione nilikopita." Tukavuka mlima wa La Raya, zaidi ya mita 4,300, nyasi za manjano na makundi ya alpaka pande zote, nami nikanyamaza kimya nikishukuru.

Usiku wa mwisho tulilala Amantaní, kisiwa katika ziwa Titicaca, ziwa lililo mita 3,800 juu ya bahari. Boti kutoka Puno ilichukua zaidi ya saa tatu. Pale wageni hulala majumbani mwa wanakijiji, na familia hupokezana kwa zamu, ili kila nyumba ipate riziki. Huchagui, unapangiwa. Tulipangiwa mama mmoja wa makamo aliyekuja kutupokea gatini, akaushika mzigo wangu kabla sijakataa. Njia ya kwake ilikuwa ya kupanda. Nilipoanza kuharakisha ili nisionekane mzee, aligeuka akasema neno la Kikechua: allillamanta. Mwongozaji wetu akatafsiri: taratibu, kwa uangalifu.

Mama watoto alicheka hadi akaketi juu ya jiwe. "Umeruka bahari mbili," aliniambia, "kuja kuambiwa neno la baba yako mdogo."

Usiku ule tulikula supu ya kinoa na viazi, hivi viazi mviringo tunavyovila nyumbani, ambavyo asili yake ni milima hiyohiyo. Jikoni palikuwa na moto na moshi. Chumbani palikuwa na mablanketi mazito ya sufu. Nilimwambia mke wangu neno ambalo nilipaswa kumwambia Lima, kwamba nisamehe, sikukusikia. Akasema, "Lala, baba, pumzi isikuishe."

Bado nachora mstari katikati ya karatasi. Lakini sasa, kabla sijajumlisha, humpa yeye kalamu kwanza.