Kuvuta Muda Kunalipa, Ila Uwe Umeshaanza

Jamaa mmoja wa Temeke anaishi kwa kuwaandikia wasanii nyimbo. Jumatatu kapokea nusu ya malipo, akalipia kodi ya chumba siku hiyohiyo. Maana yake hela ya kurudisha haipo. Wimbo ni wa kuachwa na mpenzi, biti ishatumwa WhatsApp, na unatakiwa studio Ijumaa saa nne asubuhi.

Usiku huo akaandika vesi moja na kiitikio. Kiitikio chenyewe ni kilekile cha siku zote: umeniacha, silali, sili. Akakiona cha kawaida mno, akafunga daftari. Jumanne hakuligusa. Jumatano akafua, akaenda kunyoa, akaperuzi TikTok mpaka bando likakata. Prodyuza akiuliza, jibu ni moja tu: "Niko hatua za mwisho, kaka." Hatua gani hizo, Mungu ndiye anajua.

Alhamisi jioni akamsindikiza mshikaji wake kulipa rejesho la simu ya mkopo. Njiani mshikaji akafunguka: simu yenyewe hanayo. Alimkopea mpenzi wake, wakaachana, dada kaondoka nayo.

"Si uache kulipa ifungiwe?"

"Mkopo una jina langu, ndugu yangu. Yeye anaongea na mwingine, rejesho nalipa mimi."

Jamaa alirudi nyumbani mbio, akakata kiitikio chote cha Jumatatu. Saa nane usiku wimbo ulikuwa umeisha, na hauna chozi hata moja. Ni mwanaume aliyeachwa, anahesabu miezi ya marejesho iliyobaki.

Angemaliza Jumatatu, msanii angepewa yale ya kutolala. Lakini pia angekuwa hajaandika chochote, maneno ya mshikaji yangepita kama stori yoyote ya njiani. Yalinasa kwa sababu kichwani palikuwa na nafasi wazi inayoyasubiri: mistari minne, ya kuachwa, na ile ya mwanzo imeshakataliwa. Kufua nguo peke yake hakuleti wimbo, jamani.

Watafiti wawili, Jihae Shin na Adam Grant, walichapisha kazi yao kuhusu hili mwaka 2021. Walichofanya kinachekesha kidogo: watu walipewa tatizo la kibiashara walitafutie mawazo, huku pembeni wamewekewa video za kuchekesha za YouTube, wengine chache, wengine nyingi. Waliochelewa kiasi ndio waliotoa mawazo ya kibunifu zaidi, kuwashinda waliowahi na kuwashinda waliozama kwenye video. Walipofuatilia wafanyakazi wa kampuni moja Korea Kusini, faida hiyo ilionekana kwa wale tu wanaoipenda kazi yenyewe au ambao kazi yao inadai ubunifu. Kwa hiyo anayeahirisha kazi asiyoipenda asijifiche hapa. Huyo anakwepa tu.

Hata hotuba ya Martin Luther King ya tarehe 28 Agosti 1963 pale Washington ilikuwa bado inarekebishwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na sehemu ya ndoto, inayokumbukwa kuliko zote, haikuwemo kwenye karatasi aliyoshika. Watu hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba maneno hayo ya ndoto alishayatumia Detroit mwezi Juni mwaka uleule. Aliyatoa papo hapo, ndiyo, lakini alikuwa nayo siku nyingi.

Sasa kuna dizaina mmoja wa Kinondoni, naye kazipenda mno habari hizi za kuvuta muda. Alipewa wiki mbili za kutengeneza bango la uzinduzi wa saluni. Mteja alimtumia maelezo kwa sauti tatu za WhatsApp, na hakufungua hata moja mpaka saa tano usiku wa mwisho. Mbili akasikiliza. Ya tatu akaona ndefu. Bango likatoka na mdada mrembo, rasta mpaka kiunoni, rangi zimetulia kabisa.

Sauti ya tatu ilisema saluni ni ya kiume.

Likachapwa upya asubuhi, likapandishwa ukutani wageni washaanza kuingia. Gharama ya kurudia ilikatwa kwenye malipo ya dizaina. Kijana wa mashine ya kuchapia, aliyekesha akilisubiri faili, hakuongezewa hata nauli ya boda.