Siku Sabini

Tarehe 1 Septemba 2018 klabu ya Los Angeles Lakers ilimwacha Luol Deng, mtoto wa Wau, Sudan Kusini, huku mkataba wake ukiwa umebakiza misimu miwili. Wangeweza kumwacha siku moja kabla, tarehe 31 Agosti, lakini hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Wenzangu wa hosteli nimewaeleza habari ya siku hiyo moja mara nyingi, na huniangalia kama mtu anayesimulia harusi kwa kutaja bei ya kukodi viti. Siwalaumu. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, upande wa ajira, na kwangu siku ile ina kila kitu: ahadi, fedha nyingi, na mtu mzima mwenye afya zake anayelipwa ili asije kazini.

Tuanze na ukomo. Kila mwaka ligi ya NBA hupanga kiwango cha jumla ya mishahara ambacho kila timu inapaswa kukiangalia. Si ukuta wa zege. Zipo njia halali za kuuvuka, hasa timu inapotaka kubaki na wachezaji wake yenyewe. Lakini ukitaka kumleta nyota kutoka nje kwa mkataba mnono, lazima uwe na nafasi chini ya ukomo. Kwa hiyo kila dola kwenye daftari ina jina la mtu, na majina yaliyokuwepo ndiyo yanayoamua kama jina jipya litaingia.

Msimu wa 2015/16 ukomo ulikuwa dola milioni 70. Msimu uliofuata, mikataba mipya ya haki za televisheni ilipoanza, ukaruka hadi zaidi ya milioni 94. Timu zikajikuta na nafasi ambazo hazikuwahi kuziota, na fedha ikiwa mfukoni huwasha. Julai 2016 Lakers walimpa Deng, aliyekuwa na miaka 31, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Msimu wa pili alicheza mechi moja tu, ya ufunguzi, dakika chache. Hakuwa majeruhi. Klabu ilikuwa imeamua kuwakuza vijana, naye akawa mtu wa kukaa benchi akiwa amevaa suti.

Mwaka 2018 LeBron James alipowasili, Lakers walianza kuutazama msimu wa 2019/20. Walihitaji nafasi ya nyota wa pili, na mbele yao lilisimama jina la Deng na dola milioni 18.8. Hapo wakakaa mezani. Katika kununuliana mkataba, mchezaji husamehe sehemu ya anachodai, klabu humlipa kinachobaki, na kila mmoja anakwenda zake. Kilichosamehewa hutoka pia kwenye hesabu ya ukomo. Deng alikuwa anadai karibu milioni 36.8. Alisamehe takribani milioni 7.5.

Kisha ikaja kanuni ya kutandaza. Klabu inayomwacha mchezaji inaweza kusambaza kilichobaki katika miaka mingi zaidi: chukua misimu iliyobaki, zidisha kwa mbili, ongeza mmoja. Ukimwacha kabla Agosti haijaisha, misimu yote inatandazwa, na miwili ya Deng ingekuwa mitano. Ukisubiri Septemba, msimu unaoanza unabaki palepale ulipo na unatandaza unaofuata tu. Mmoja mara mbili, jumlisha mmoja: mitatu. Ndiyo maana ya ile siku moja. Badala ya milioni 18.8 mwaka 2019/20, jina la Deng likabaki na karibu milioni 5 kwa kila msimu hadi 2021/22.

Nafasi ikapatikana. Anthony Davis akaja mwaka 2019, na Oktoba 2020 Lakers wakawa mabingwa. Deng alikuwa ameshastaafu mwaka mmoja kabla, lakini kwenye daftari la mabingwa alikuwemo bado. Wamarekani huiita fedha ya namna hiyo fedha iliyokufa.

Sisi Watanzania tuna wetu wa kumlinganisha. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kati ya wote mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Agosti 2014 Oklahoma City Thunder walimpeleka Philadelphia pamoja na fedha taslimu. Siku chache baadaye Philadelphia wakamtema kabla hajavaa jezi yao uwanjani. Hapakuwa na meza wala kusameheana, kwa sababu mshahara wake wa msimu ule, kama dola milioni 1.25, haukuwa na dhamana. Mkataba usio na dhamana hauachi kitu kwenye daftari. Jina linafutwa, na ukurasa unabaki mweupe kana kwamba hapakuwahi kuandikwa mtu.

Habari ya Deng nilimsimulia baba likizo moja ya Desemba, nyumbani Shighatini, tukipukuchua maharage barazani. Baba hafuatilii kikapu. Alisikiliza kwa adabu ile ya mzazi anayetaka kujua ada yake imenunua nini.

"Huyo kijana alipunguzwa kazi?"

"Hapana, baba. Walikubaliana. Alisamehe kidogo, wakamlipa kilichobaki."

"Alisamehe yeye?"

"Ndiyo, baba."

Akamwaga maganda pembeni, akachukua fungu jingine. "Basi alikuwa na kitu cha kusamehe."

Baba alifanya kazi miaka 16 katika kiwanda kimoja huko Moshi. Nilikuwa kidato cha tatu alipopunguzwa pamoja na wenzake. Sheria haikuvunjwa, na hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri atamlipa anayeachishwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo, na miaka inayohesabiwa isizidi 10. Hicho ni kima cha chini, na mwajiri ana ruhusa ya kutoa zaidi. Wa baba alitoa kilichoandikwa. Saba mara kumi ni siku sabini.

Rudia hesabu hiyo polepole. Mtu aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 16 anapata siku 70. Mwaka wa kumi na moja hadi wa kumi na sita baba aliamka saa kumi usiku kama kawaida, akaingia zamu, akazeeka, na kwenye karatasi miaka hiyo ina uzito wa manyoya. Huo nao ni ukomo wa mishahara, ila umewekwa upande wa pili wa meza.

Baba naye alitandaza. Kwanza alilipa deni la SACCOS, kisha akagawa kilichobaki katika ada yangu ya mihula mitatu, bila kuniambia kwamba muhula wa nne haukuwa na fungu. Ulipofika, mama alikuwa ameshaanza kushusha ndizi sokoni Mwanga. Klabu hutandaza ili ipate nafasi ya kuleta nyota. Nyumbani tulitandaza ili pengo lisionekane lote kwa mara moja.

Najua jibu la wenye viwanda, kwa kuwa darasani nalitoa mimi mwenyewe: kiwanda kisichoweza kulipa hakiwezi kulipa, na kumng'ang'ania kila mtu ni kuwaangusha wote. Ni kweli. Ukomo upo kila mahali. Sisi Wapare hatuhitaji profesa kutufundisha hilo, maana tumeishi na ndiva. Ndiva ni bwawa la kijiji: maji ya kijito hukusanywa usiku, na kukicha hufunguliwa yateremke kwenye mifereji hadi mashambani, kwa zamu. Bwawa lina ujazo wake. Ukiongeza shamba moja kwenye zamu, kila shamba linapungukiwa.

Lakini tazama namna zamu inavyotunzwa. Miaka yote ambayo baba alikuwa Moshi, zamu ya shamba letu haikufutwa, kwa sababu mama na shangazi hawakukosa msaragambo. Siku ya kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye bwawa, walikuwepo na majembe yao. Kazi iliyofanywa ndiyo iliyoshikilia jina. Baba aliporudi na begi lake, hakuna aliyemwambia kwamba jasho lililozidi kiwango fulani halihesabiki. Alipewa siku yake ya maji.

Ndiyo maana sipendi lile jina, fedha iliyokufa. Ile milioni 5 iliyokaa kwenye vitabu vya Lakers kwa miaka mitatu ndiyo tarakimu iliyokuwa hai kuliko zote. Iliwakumbusha kila mwaka kwamba waliahidi, na kwamba ahadi haiishi siku ambayo umechoka kumwona uliyemwahidi. Dhamana kwenye mkataba haikumlinda Deng asiwekwe benchi, lakini ilimpa kiti mezani na kitu cha kusamehe. Wachezaji wa NBA hawakuokota dhamana hizo barabarani. Wana chama, na chama hicho huketi na wamiliki kujadili kila kanuni niliyoieleza hapa, hadi tarehe.

Deng mwenyewe hakukaa kuhesabu alichosamehe. Mwaka 2019 alichukua uongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, na gharama nyingi za timu akazitoa mfukoni mwake. Timu ile ikafuzu Olimpiki ya Paris 2024, na mechi yake ya kwanza ikaifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Mtu aliyeitwa mzigo kwenye daftari moja alikuwa anaandika la kwake. Ila nisiipambe hadithi: aliweza kwa sababu alilipwa. Wapo wengi wenye moyo kama wake ambao waliondoka kazini na nauli.

Sasa naandika pendekezo la utafiti wangu. Msimamizi ameniuliza swali ambalo wasimamizi wote huuliza: unapima nini hasa? Nimemjibu kwamba napima miaka ya utumishi inayozidi ile kumi, kwa wafanyakazi waliopunguzwa viwandani mkoani Kilimanjaro. Nataka kujua ni watu wangapi wanayo, na ukiijumlisha yote inafika mingapi. Itabidi nizunguke Moshi, Mwanga na Same nikiwa na dodoso mkononi, nikibisha hodi. Sita ninayo tayari.