Fundi Redio Hana Timu

Mhindi aliyenifundisha kazi, pale Ngamiani, Tanga, alinipa masharti mawili kabla hajaniruhusu kushika solda. La kwanza: usimwambie mteja kuwa redio yake imechakaa, mwenyewe anajua. La pili: mteja asijue timu yako. Kwa mji wetu sharti la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Coastal Union na African Sports zilikuwa zikigawa nyumba, baba huku, mama kule, na juu ya ugomvi huo wa nyumbani kulikuwa na ule wa nchi nzima, Yanga na Simba. Fundi akishajulikana ni wa upande gani, redio ikizimika dakika ya themanini kesi ni yake.

Basi nikafunga mdomo miaka yote ya kazi. Coastal walipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, mji ukafurika barabarani, mimi niliinamia meza yangu nikijifanya natafuta skrubu. Sasa meza nimeikunja, naweza kusema: nyumbani mimi ni Mgosi wa Kaya, yaani wa Coastal, na Dar es Salaam ni Yanga. Wateja wangu wa Simba walio hai wanisamehe. Redio zao nilizitengeneza kwa haki.

Nilianza mwaka 1970, kijana wa miaka kumi na minane. Redio za vali zilikuwa bado zinaletwa, kubwa, za mbao, zinazochukua muda kupata moto ndipo ziseme. Lakini transista zilikuwa zimeshashika mji, National zilizounganishwa Dar es Salaam na Philips za Arusha. Tulikuwa na solda mbili: ya umeme, na ya shaba iliyopashwa kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika. Ugonjwa wa redio haukuwa na siri. Voliumu inakwaruza kwa vumbi, unaisafisha. Mende wametoboa spika, unabandika karatasi. Uzi unaovuta mshale wa stesheni umekatika, unaweka mshipi wa kuvulia samaki, na huo haukatiki tena mpaka mwenye redio afe.

Wateja wakubwa walikuwa watu wa mkonge. Walitoka mashambani, Ngomeni, Muheza, Korogwe, redio imefungwa kwenye kanga kama mtoto mgonjwa, na wote walikuwa na swali moja: itapona kabla ya mechi? Siku moja kabla ya Yanga na Simba kibaraza hakikuwa na pa kukanyaga. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, tatizo halikuwa redio tena, bali betri. Dukani hazipo. Watu walizianika juani juu ya bati, maana joto huiamsha dawa iliyolala ndani kwa saa chache. Mimi niliwafungia betri sita, nane, nje ya redio, kwa mpira wa baiskeli na vipande vya waya, nguvu za wagonjwa wengi zifikie za mzima mmoja. Mtaani kulikuwa na betri za mechi, zilizofungiwa sandukuni na hazikuguswa kwa taarabu wala kwa taarifa ya habari.

Hapo ndipo utajua mtangazaji alikuwa nani. Ahmed Jongo, Mshindo Mkeyenge, Charles Hilary, hao wa Radio Tanzania, walikuwa wanawatazamia mpira watu waliokaa mikekani, vijiji ambavyo havijawahi kuuona uwanja. Kwanza mtangazaji anakupanga: nani anashambulia goli la upande upi, jezi rangi gani. Kisha anakupeleka. Mpira ukitoka winga ya kulia, kichwa changu kiligeuka kulia.

Nilikuwa nikichomea waya habari ilipokuja kwamba Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kwamba aliongoza tangu bunduki ilipolia hadi utepe, na John Walker wa New Zealand alimfukuza bila kumfikia. Picha ya mbio zile nimekuja kuiona uzeeni, kwenye simu ya mjukuu. Bayi alikuwa mbele vilevile kama nilivyoambiwa. Picha haikuniongezea kitu ila rangi ya jezi.

Kazi ilikufa taratibu. Televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994 nilidhani nimepata riziki mpya, na kwa muda nilipata. Lakini zikaingia redio za bei ndogo ambazo kununua mpya ni nafuu kuliko kumlipa fundi. Ukiifungua hukuti kapasita wala koili unayoweza kuishika. Unakuta ubao mtupu, na katikati tone moja jeusi la gundi ngumu. Ndani ya tone hilo ndimo redio nzima ilimo, na haliingiliki. Halafu Dar es Salaam ikazimiwa mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nasi tukafuata, na televisheni za mgongo nilizokuwa nazitibu zikawa za kuwekea vyungu vya maua. Mwanangu alichukua kibaraza. Anauza kava za simu, na kwa siku moja anapata kuliko nilivyopata mimi kwa wiki. Sina cha kumlaumu.

Macho nayo yakaanza kunidai ile mikopo ya solda. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Moja limepasuliwa, jingine linasubiri zamu. Kwenye kliniki ya macho ninayokwenda, sitaitaja, mgonjwa haitwi jina siku hizi. Namba yake inaandikwa kwenye kioo kilichotundikwa ukutani. Kliniki ya macho! Tumekaa wazee ishirini kwenye benchi tunaulizana, kile ni nane au tatu, mpaka mtoto mdogo aliyemsindikiza bibi yake akageuka kuwa mtangazaji wetu. Kulipa nako ni kwa simu, na simu inataka namba ya siri, na ukikosea mara tatu inakufungia pesa zako mwenyewe. Magoti sitayazungumza. Kila mwenye magoti anayajua.

Kilichobaki ni michezo, na michezo ya juma moja la Septemba 2025 ilinionyesha tumefika wapi.

Jumapili ya tarehe 14 ilikuwa siku ya Manchester kwa Manchester. Mjukuu wangu, kijana mzuri, mwenye adabu, kanipa shikamoo yangu na kuketi kando ya kiti changu na simu yake. City wakafunga la kwanza. Kimya. La pili, kimya. La tatu, kapiga mwayo. Nikamuuliza, "Bwana mdogo, wewe ni wa nani hapa?"

"Sina mtu hapa, babu. Mimi nilikuwa na goli mbili na nusu."

Akanieleza. Alikuwa ameweka mkeka wa kubashiri: kila mechi aliyoichagua ilitakiwa itoe magoli zaidi ya mawili na nusu. City walimtimizia, tatu bila. Lakini mkeka ulishachanika mapema, kwani Liverpool walikwenda kwa Burnley wakaambulia bao moja, penalti ya Mohamed Salah dakika za nyongeza. Kwa hiyo Manchester nzima ilikuwa inacheza bure. Nimeishi mpaka nikaona mtu anashangilia nusu ya goli. Mimi nilificha timu kwa ajili ya mkate. Huyu hana ya kuificha.

Usiku uleule niliamka. Mwanamume wa umri wangu anaamka, na kinachomwamsha si mbio za Tokyo. Nikaona mwanga chini ya mlango wa kijana. Kulala hawalali hawa. Nikagonga kumgombeza, naye akasema, "Babu, njoo, kuna Mtanzania anaongoza kundi." Huko Japani ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, marathoni ya mashindano ya dunia, na Mtanzania mwenyewe alikuwa Alphonce Simbu, askari wa JWTZ kutoka Singida, aliyewahi kupata shaba London mwaka 2017.

Nikakaa kitandani kwake. Kioo cha simu kwangu ni ukungu unaotembea. Nikamwambia, nitangazie. Ndipo nilipojua ukubwa wa hasara tuliyopata. Kijana huyu ameangalia michezo maisha yake yote, lakini hajawahi kumsimulia mtu mchezo.

"Du!" akasema.

"Du nini?"

"Yaani… hatari, babu."

"Wako wangapi mbele?"

"Watatu. Hapana, wawili. Du!"

"Simbu yuko kulia au kushoto? Kamtangulia mwenzake au kaachwa?"

Pole pole akaanza kushika. Wameingia uwanjani. Mjerumani yuko mbele. Ni nani? Amanal Petros. Kamtangulia hatua ngapi? Mbili, babu, mbili. Simbu kulia kwake. Moja. Anakuja. Wako sawa. Wako sawa! Yule kaanguka kwenye mstari! Kisha hakuna aliyejua nani kashinda, si sisi, si uwanja, hata Simbu mwenyewe hakuwa na uhakika mpaka matokeo yalipotokea kwenye kioo kikubwa. Wote wawili saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstarini ikamtenga Simbu kwa sehemu tatu za mia za sekunde, 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Bayi na Suleiman Nyambui walituletea fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na kwenye Olimpiki hatujapata nyingine tangu hapo. Kijana alikuwa amesimama juu ya godoro. Kwenye mbio zile hakuwa na mkeka wowote.

Jumanne ikaja Ngao ya Jamii, Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Yeye na simu yake, mimi na redio yangu ya FM sikioni. Kipindi cha pili nikasema, "Goli. Pacome."

Akatazama kioo chake. Kwake mpira ulikuwa bado uko katikati ya uwanja. "Babu unaota." Nikanyamaza. Baada ya muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe kidogo cha kahawa, nikamsikia anaguna. Pacome Zouzoua, moja bila, na ndivyo ilivyokwisha.

Kwa fundi hapo hakuna muujiza. Sauti ya redio inaruka hewani kutoka mnara hadi antena, haina pa kusimama. Picha ya simu inabanwa, inapandishwa setilaiti, inashushwa, inakatwa vipande, inapelekwa kwenye kompyuta za mbali, na simu yenyewe inaweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha cha kwanza ili isikwame njiani. Kila kituo kinakula sekunde zake. Wanaitangaza kuwa ya moja kwa moja, lakini imepitia vituo vingi kuliko basi la Lushoto. Nilimweleza yote hayo kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nifunge meza. Akasikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza:

"Kwa hiyo, babu, hiyo redio iko mbele sekunde ngapi hasa?"

Nikaona anakokwenda. Makampuni ya mikeka yanapokea dau hata mpira ukiendelea. Nikamwambia redio hii imechakaa, na nikaizima. Ni mara ya kwanza nimevunja sharti la kwanza la yule Mhindi.

Lakini na redio yenyewe nina ugomvi nayo, na hapa nasema na watangazaji wa leo, maana wapo vijana wenye sauti nzuri kuliko zile za zamani. Jumanne ile nilifungulia dakika chache nimechelewa, nikangoja muda mrefu sana kuambiwa matokeo. Nikasikia kicheko, nikasikia habari za usajili, nikasikia jina la mdhamini, huku kelele za jukwaa zinapanda na kushuka na mimi sijui nani kamkosa nani. Mnatangaza kana kwamba kila msikilizaji ana televisheni mbele yake. Hana. Yupo dereva wa lori Segera, mlinzi getini, mama jikoni, na mzee mwenye jicho moja. Basi, ndugu zangu, tajeni dakika na matokeo mara kwa mara, hata kama mnaona mnajirudia. Semeni mpira uko kwa nani na upande gani wa uwanja. Na tangazo la mdhamini lisubiri mpira utoke nje.