Punda wa Lamu na Mtoto Asiyelia

Ukivuka kwa mashua kutoka gati la Mokowe, honi na moshi wa mjini unaviacha nyuma. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko kabla gari halijajulikana. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa ubavu. Mchukuzi wa mchanga, saruji na mawe ni punda. Alfajiri mgeni huamshwa na adhana, kisha na kwato, na sauti ikipazwa: "Simile! Simile!" Usiposogea ukutani, shogi itakusogeza.

Nilikwenda huko na mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 12. Tangu baba yake afariki, hakuwa ametoa hata chozi moja. Badala yake alipigana shuleni na kuvunja vyombo nyumbani. Mama yake aliponiomba nikae naye wakati wa likizo, alisema maneno machache tu: "Shemeji, mimi ameshanishinda." Sikumwambia kwamba siku ya mazishi ni mimi niliyemshika kijana bega, nikamtaka ajikaze, kwa kuwa sasa ndiye mwanamume wa nyumba ile.

Watu wa Lamu husema kwamba mtu asiye na punda ni punda yeye mwenyewe. Mwenyeji wetu alitupeleka kwa mzee mmoja mwenye punda wanne, aliyekubali kijana amsaidie kazi za asubuhi. Siku ya kwanza alimpa kamba ya punda jike wa kijivu, amwongoze kutoka ufukweni hadi nyumba iliyokuwa ikijengwa. Kwenye kona ya kwanza punda akasimama. Kijana akavuta. Punda akakita miguu. Kijana akatukana, akavuta tena, kisha akaokota fimbo.

Mzee aliichukua ile fimbo mkononi mwake bila kelele. "Mjukuu wangu," alisema, "huyu hajakataa kazi. Amekuuliza swali. Anakuona una hasira, naye anadhani mbele kuna hatari. Legeza kamba, uvute pumzi, umjibu."

"Nimjibu nini, Babu?"

"Kwamba ndia ni salama. Lakini usimwambie kwa mdomo."

Kijana alisimama pale muda mrefu. Wapita njia walitupisha, wengine wakicheka. Hatimaye mabega yake yakashuka, kamba ikalegea, na punda akapiga hatua moja, kisha ya pili.

Wataalamu wa wanyama wangekubaliana na mzee yule. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda aghalabu husimama kwanza, akapima mambo. Yeye ni wa kizazi cha punda-mwitu wa Afrika, mwenyeji wa nchi kavu zenye mawe. Uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba binadamu alianza kumfuga upande wa Mashariki ya Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Miaka yote hiyo tumekiita ukaidi kile ambacho kwa hakika ni hadhari. Tumesema pia kwamba shukurani ya punda ni mateke, pasipo kuuliza alitendewa nini kabla hajarusha teke.

Wala si jambo geni kwa mnyama kumsaidia binadamu kusimama tena. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, mwanamke wa Denmark aitwaye Lis Hartel, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu chini ya magoti, alitwaa medali ya fedha akiwa juu ya farasi. Leo katika nchi nyingi vipo vituo ambako watu wenye ulemavu na wenye majonzi hufundishwa kupanda na kutunza farasi. The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililofungua kituo cha kutibu punda mjini Lamu mwaka 1987, huko kwao huwakutanisha punda na watoto na watu wazima walioelemewa moyoni. Siri yake si uganga. Mnyama hadanganyiki kwa maneno, huangalia mwili. Atakaye kumtuliza sharti atulie yeye kwanza.

Siku ya nne tulimkuta yule punda wa kijivu na kidonda chini ya mkanda wa shogi. Mzee aliamuru apumzishwe, akaleta maji ya chumvi ya uvuguvugu na kitambaa safi. Kijana akaosha kidonda polepole.

"Babu, mbona jana alibeba mchanga na hakulia?"

"Punda huficha maumivu," mzee akajibu. "Hutembea nayo tu. Ukingoja mpaka alie, umechelewa. Kosa ni letu sisi tuliomtwika bila kumtazama."

Kijana hakusema kitu. Aliendelea kuosha, kisha akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya punda, na mabega yake yakaanza kutikisika. Punda hakusogea. Nilitaka kumwendea, mzee akanishika mkono, akanipeleka nje ya zizi, tukakaa kwenye baraza tukitazama majahazi.

Sitamdanganya msomaji kwamba tulirudi na mtoto mpya. Wiki ile ile tuliyorejea aligombana tena na jirani. Huzuni ya mtoto ikizidi ni lazima apelekwe hospitali, na hakuna punda awezaye kushika nafasi ya daktari wala ya mzazi. Lakini siku ya kuondoka, mashua ilipokuwa ikielekea Mokowe, aliniuliza jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitamka.

"Baba Mdogo, baba aliumwa kwa muda gani kabla ya kutuambia?"

Kaka yangu alificha ugonjwa wake kwa miezi saba. Alikuwa akienda kazini kila siku, akibeba mzigo wake, nasi tukamsifu kwa ujasiri. Nilimweleza kijana yote hayo. Kisha nikamwambia kwamba lile neno la mazishini lilikuwa kosa langu, na kwamba sikumtazama kabla ya kumtwika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaushika mkono wangu, akakaa nao hivyo hadi gatini.