Wadudu Wadogo wa Ghuba ya Kisumu

Ninyi mkaao kando ya mto wetu mkubwa mnalijua gugumaji, lenye ua la rangi ya zambarau, lipitalo juu ya maji mchana na usiku, likishikana na wenzake hata kuwa kisiwa. Kwa Kilingala huitwa Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Jina hilo linalistahili. Lilionekana mtoni mnamo mwaka 1952, na kufika mwaka 1955 lilikuwa limekwisha kuenea toka Kinshasa hata Kisangani, miji iliyoitwa siku zile Léopoldville na Stanleyville. Asili yake ni nchi za mto Amazon. Watu walilipenda kwa uzuri wake, wakalipanda bustanini, nalo likawatoroka. Serikali ya wakoloni ililipulizia dawa ya 2,4-D, likafa kwa wingi, kisha likarudi, kwa kuwa mbegu zake hulala topeni miaka mingi.

Basi nilipopata nafasi ya kufika Kisumu, katika nchi ya Kenya, nilitaka kuona wenzetu walifanyaje. Nilikwenda Dunga, pwani ya wavuvi karibu na mji, penye mafunjo marefu na harufu ya samaki wa kukaanga. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinikaribisha nikae juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

«Mwalimu,» akasema, «mwaka 1998 usingaliona maji hapa. Ungaliona shamba.»

Hakutia chumvi. Mwaka ule magugumaji yalifunika hekta 17,000 hivi upande wa Kenya. Mitumbwi ilifungwa pwani; wanawake walisukuma majani kwa mikono ili wachote maji, nayo yalikuwa yananuka. Chini ya zulia lile hewa ilipungua, samaki wakahama. Yeye mwenyewe alizingirwa usiku kucha na mwanawe, wasiweze kwenda mbele wala nyuma, hata upepo ulipogeuka alfajiri.

Kumwaga sumu katika maji ya kunywa ni jambo la kuogofya. Kwa hiyo walitafutwa maadui wa gugu hilo kutoka kwao, Amerika ya Kusini: fukusi wa aina mbili. Uganda iliwaachilia ziwani mwaka 1995, na Kenya mwaka 1997. Msifikiri ni fukusi wale wanaokula mahindi yenu ghalani! Hawa, wenye urefu wa milimeta 5 tu, walijaribiwa kwanza kwa mimea mingine, ili ijulikane kama wataharibu mazao. Mkubwa hukwaruza jani usiku. Jike hutaga mayai ndani ya shina la jani. Funza hutoboa njia mpaka moyo wa mmea, na maji huingia humo. Funza akitaka kugeuka hushuka kwenye mizizi, chini ya maji, akajifumia nyumba ya nyuzi za mizizi hiyo hai. Pasipo gugumaji hana pa kuzalia.

Mwaka 1999 zulia lilikuwa limezama sehemu kubwa. Je, ni kazi ya fukusi peke yao? Wataalamu wamebishana, kwani mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawingu na mawimbi yaliyovunja visiwa vile. Mimi naona mmea uliokwisha kutobolewa ndio unaovunjwa upesi na wimbi.

Mzee hakuficha lililofuata. Zulia lilipozama, fukusi wengi walikosa chakula wakafa. Baada ya mvua za mwisho wa 2006 mbegu ziliota, na magugu yakawatangulia mbio. Tena ghuba hii hulishwa uchafu wa mji na udongo mwekundu wa mto Nyando, navyo ni mbolea tupu. Fukusi hawana dawa ya mbolea hiyo. Inabidi kuwafuga katika mapipa ya maji na kuwarudisha ziwani.

Aliinama, akang’oa jani moja lililoelea karibu na miguu yake, akanipa. Lilikuwa limejaa vidoa vya kahawia, kama uso uliopata ndui.

«Wapo,» akasema, akarudia kushona wavu wake.