Masikio Makongwe, Mikono Michanga

Wako watu ambao hujaliwa sikio kabla ya mkono. Mkulima mmoja wa korosho, mzaliwa wa Ruangwa, alikuwa miongoni mwao. Tangu utoto alikuwa mtumwa wa redio. Betri zilipokaribia kufa alizianika juani, zipate uhai wa wimbo mmoja zaidi. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, yeye alikuwa na miaka 14, akaomboleza kama aliyefiwa na ndugu. Alijua mapigo ya kila bendi na mahali ambapo gitaa la pili huingia, lakini hakuwa amegusa uzi hata mmoja. Si ajabu sana, kwani misitu ya Ruangwa na Nachingwea huotesha mpingo, ambao mbao yake hutengenezewa klarineti huko Ulaya, na wengi walioukata hawajapata kuisikia klarineti ikilia.

Alipovuka miaka 50 alinunua gitaa kavu, kuukuu, mjini Nachingwea. Majirani walicheka. Kicheko chao hakikumwumiza. Kilichomwumiza ni sikio lake mwenyewe. Mwanafunzi mwingine akipiga vibaya hufurahi kwa kuwa hajui. Yeye alijua. Miaka yote ya kuwasikiliza mahodari ilimkalia begani kama hakimu, ikihukumu kila sauti iliyotoka. Mara mbili alilitundika gitaa ukutani, akakusudia kuliuza.

Kilichomrejesha ni santuri ya Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Katanga, mwaka 1952. Zamani alidhani kuwa ni watu wawili wanaopiga. Safari hii aliisikiliza kwa vidole pia, akatambua kuwa ni mtu mmoja: gumba likishika sauti nene, kidole cha shahada kikijibu juu. Vidole viwili tu! Akaacha kuitamani bendi nzima, akaanza na gumba peke yake, jioni baada ya jioni, kwa miezi mitatu, hata likaweza kutembea bila kuangaliwa.

Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa harusini kwa mpwa wake, Nachingwea, umeme ulipokatika na vipaza sauti vikanyamaza. Mikono ilitetemeka. Katika ubeti wa pili alikosea, akalisikia kosa lake kuliko mtu yeyote pale. Akainua macho. Hapana aliyeacha kucheza. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, usiache." Na gumba lake, ambalo halikuwa limesikia lolote, lilikuwa bado linatembea.