Mama wa Kifungua Mimba, Mama wa Kitinda Mimba

Watoto wangu wanne hawakulelewa na mama mmoja, ingawa wote niliwazaa mimi. Jambo hili nimelijua uzeeni, nikiwasikiliza wakibishana sebuleni hapa Njoro kila Desemba wanapokuja nyumbani.

Kifungua mimba huapa kwamba mama yake alikuwa mkali ajabu. Tonge haliachwi kwenye sahani, viatu ni vya Jumapili, na anayechelewa mtoni na mtungi ajue analolirudia. Kitinda mimba humkodolea macho. Mama yake yeye hakujua kiboko, alimwekea mkate na kumwacha alale mpaka jua lipande. "Huyo unayemsema ni nani?" humuuliza dada yake. Nami nimekaa papo hapo namenya minji, na hakuna anayekumbuka kuniuliza.

Wote wawili wanasema kweli. Binti yangu alizaliwa mwaka wa 1979, nami nikiwa na miaka 22. Alipotimiza miaka mitano mvua ikakataa. Kiangazi cha 1984 hakisahauliki: mahindi yalikauka hata katika Bonde la Ufa, tunakojisifu kwamba tunalisha nchi, mpaka serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Watoto waliukataa ugali wake, wakisema unanuka. Mimi niliwasimamia wakaula. Mwenye unga wa siku mbili ndani ya debe hana nafasi ya kubembeleza mtu. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4, na pamoja nao michango ya wazazi: madarasa, karakana, na vifaa ambavyo mtoto alivivunja kabla ya kuyajua majina yake. Tulilipa kwa pareto. Ua moja baada ya jingine, kikapu mgongoni, kisha kuanika na kuomba jua lisikimbie. Baadaye malipo yakaanza kuchelewa, msimu baada ya msimu, tukang'oa pareto tukapanda viazi.

Kitinda mimba alikuja Desemba 1997, katikati ya mvua za El Niño, matope yakiwa mpaka kizingitini. Alipofikia umri wa shule, elimu ya msingi ilikuwa imeshafanywa bure, tangu Januari 2003. Mama aliyemlea alikuwa amevuka miaka 40, ana ng'ombe wawili wa maziwa, magoti yameanza kulalamika, na kuna dada wakubwa wa kutumwa. Watu huniambia umri huleta hekima na upole. Huenda. Lakini mimi naujua upole wangu ulikotoka: sehemu yake ni uchovu, na sehemu kubwa ni kwamba sikulala tena nikihesabu karo.

Mzee wangu alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya majaribio ya kituo cha utafiti wa ngano, kilichoanzishwa hapa Njoro mwaka wa 1927. Yeye hahesabu miaka kama watu wengine. Husema "wakati wa Fahari", "wakati wa Kongoni", "wakati wa Nyangumi", na hayo yote ni majina ya mbegu za ngano. Amekaa na ugonjwa wa kutu ya ngano maisha yake yote, akaona mbegu ikisifiwa leo na kuliwa kesho. Kutu ile mbaya iliyogunduliwa Uganda miaka ya mwisho ya 1990 ndiyo iliyofanya tangu 2005 maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi yaletwe Njoro kupimwa. Basi watoto wakianza ubishi wao, yeye husema wanashindana ni mbegu ipi bora na hawajaulizana ilipandwa mwaka gani. Tumeoana muda mrefu na si mengi anayosema ninayoyakubali bila kuongeza neno. Hilo nimelikubali.

Hata mto wetu si mmoja kwao. Binti anaujua mto Njoro wa kuogopwa, unaoshuka kutoka Mau kwa kishindo. Mdogo wake anaujua mto wa kuvuka kwa kurukia mawe, na miezi mingine, huko chini, hauna kitu. Cha kushangaza ni kwamba Ziwa Nakuru, linalopokea maji yake, limepanda tangu 2010 hivi, likameza barabara na lango la mbuga. Wajukuu wakiniuliza inawezekanaje, huwaelekeza kwa shangazi yao aliyesomea Chuo Kikuu cha Egerton. Mimi najua tu mahali tulipokuwa tukifulia.

Kuna jambo moja ambalo hawabishani, nalo ni Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulilala nje ya nyumba yetu. Majirani wengine walikimbilia Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru, na wapo ambao hawakurudi. Kitinda mimba, aliyekuwa na miaka kumi, anakumbuka biskuti alizopewa na mtu asiyemjua. Binti mkubwa hakuwepo, alikuwa Nairobi, simu haishiki. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyebaki na kumbukumbu nzito kuliko sisi tuliouona moshi. Huenda aliyekuwepo huona kitu kimoja, na asiyekuwepo akawaza vyote. Mzee haongei juu ya mwezi huo, nami sijamlazimisha.

Zamani ningeingilia ubishi wao niseme, "La, haikuwa hivyo." Siku hizi nanyamaza, na si kwa unyonge. Wakati wa kuutetea ule ukali wangu umepita. Ulifanya kazi yake, na aliyelelewa nao ni mwalimu mkuu anayelalamikiwa na wanafunzi kwa ukali.

Isitoshe, ushahidi wangu wenyewe umeanza kuwa na matundu. Nikitaka kumwita mjukuu, hupitia majina ya watoto wote wanne, na siku mbaya hata la ng'ombe, kabla ya kulifikia lake. "Shosho, mimi si ng'ombe!" hucheka. Bei ya kilo ya pareto ya zamani naikumbuka. Dawa ya presha, sijui kama nimeimeza asubuhi.

Linalonisumbua ni sanduku la picha. Juzi tulilifungua na wajukuu, tukakuta picha ya studio ya Nakuru: mimi na wanawake wawili, vitambaa kichwani, tumesimama wima. Mmoja nilimtaja mara moja. Wa pili tulichuma pareto pamoja, tulikula sahani moja, na jina lake halikuja. Mzee naye hakulijua, na wa kuulizwa wamekwisha. Ubishi wa kama mama alikuwa mkali waacheni watoto waurithi, hauna hasara. Jina likipotea halibishaniwi. Wenye picha za zamani nyumbani, kaeni na wazee wenu likizo hii, mwandike majina na mwaka nyuma ya kila moja, na mtumie kalamu ya wino.